Kuku wangu kapasuliwa gole: nimlee vipi ndani ya nyumba?

Swali: Assalaam alaykum daktari. Ninakaa Mkomani, Lamu. Nina kuku jike wa aina ya kuchi, nimemlea tangu kifaranga. Alipata fundo kubwa chini ya shingo, akawa hali na mdomo unanuka. Daktari wa mifugo alimpasua gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, akatoa donge la makumbi ya nazi lililosokotana na uzi wa nyavu. Leo ni siku ya tatu. Nimemweka ndani kwenye tenga na kumwashia taa usiku kucha apate joto. Anakula kidogo sana, mavi yake ni ya kijani, na ngozi pembeni ya mshono nayo imegeuka kijani. Naogopa anaoza. Mama ameniambia nimpe nusu ya kidonge chake cha magoti, diclofenac. Mume wangu naye hataki kuku ndani. Nifanyeje, na lini nitamrudisha kwa wenziwe?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Nianze na kidonge, maana hilo haliwezi kungoja: usimpe. Si nusu, si robo, wala usikichovye kwenye maji yake. Diclofenac huenda inamfaa mama kwa magoti, lakini kwa ndege ni sumu ya figo. Huko India, Pakistan na Nepal ng'ombe walikuwa wakidungwa dawa hii, wakifa tumbusi wanakula mizoga yao, na tumbusi nao wakafa. Aina tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kabla chanzo hakijajulikana, na mwaka 2006 nchi hizo zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Kuku naye hasalimiki. Figo zake zikishindwa, ule weupe unaouona juu ya mavi yake, ambao ndio mkojo wake, hubaki mwilini ukaganda juu ya moyo na ini. Ukija kumwona amezubaa, umeshachelewa.

Dawa ya maumivu kwa kuku ipo. Madaktari wengi hutumia meloksikamu, na dozi yake hupigwa kwa uzito wa ndege mwenyewe. Mpigie aliyempasua, umuulize kama alimpa dawa ya maumivu, na kama alimpa, inakwisha lini. Usione haya kuuliza. Kuku huficha maumivu kwa sababu anayeonyesha udhaifu huliwa; atakaa kimya, macho nusu yamefumba, manyoya yametutumka, mkia umeshuka, na hatajichambua manyoya. Hicho ndicho kilio chake. Akianza kujichambua, ujue amepata nafuu.

Sasa kijani. Umeona mbili, na hazina undugu.

Ile ya ngozi, pembeni ya mshono, kwa siku ya tatu haimaanishi kuoza. Sisi tukijigonga, damu iliyovilia chini ya ngozi hupita zambarau, kijani, kisha manjano. Ndege huishia kwenye kijani, kwa kuwa mwili wake hauna kile kinachogeuza rangi ya kijani kuwa manjano. Kwa hiyo jeraha la kuku huwa kijani kibichi kuanzia siku ya pili au ya tatu, halafu hufifia taratibu. Mtu asiyejua huona ameoza akamchinja, na kuku alikuwa anapona. Kuoza kweli kuna harufu, ngozi huwa nyeusi na baridi, kingo za mshono huachana, na kuku hushuka hali. Ukimnusa na hanuki, na ngozi ina joto la kawaida, iache.

Kijani ya mavi ni habari nyingine, na hiyo ndiyo inayonishughulisha mimi. Kuku asiyekula huendelea kutoa nyongo, na nyongo isipopata chakula cha kufanyia kazi hutoka yenyewe: majimaji ya kijani kikali na weupe kidogo, bila kinyesi cha maana. Ina maana chakula hakishuki, ama kwa sababu hali, ama kwa sababu anakula na gole halisukumi. Kidonda chake, kwa ulivyokieleza, kiko salama. Atakayemuua au kumponya ni gole, na chombo cha kulipima ni vidole vyako, alfajiri, kabla hujampa kitu chochote.

Gole liko chini ya shingo, mbele, limeegemea upande wake wa kulia. Ni mfuko wa kuhifadhi tu; kazi ya kusaga iko mbele zaidi, kwenye firigisi. Kuku mzima hulala gole limejaa na huamka likiwa tupu, hata vidole visilione. Gole la kuku wako lilivutwa na donge lile kwa siku nyingi mpaka misuli yake ikachoka, halafu likakatwa na kushonwa, tena mara mbili: lenyewe, na ngozi ya juu. Haliwezi leo kufanya kazi ya kuku mzima. Ukilijaza, mambo mawili huenda yakatokea: mshono wa ndani uvuje, au chakula kilale humo na kuchacha.

Basi kila asubuhi, baada ya swala na kabla ya chakula, mshike akiwa ametulia, upitishe vidole juu ya gole polepole, bila kubonyeza mshono. Likiwa tupu, endelea na utaratibu wako. Likiwa na kibaki kidogo, punguza chakula cha siku hiyo, umpe mara nyingi zaidi na kidogo zaidi. Likiwa limejaa na kubonyea kama kinyunya, au linatikisika maji na mdomo unanuka uchachu, usimpe chakula, mpigie daktari asubuhi hiyo hiyo. Usilikande. Na nakuomba sana, asije jirani akakwambia umpindue kichwa chini atapike. Hilo linafanywa huku na huku, na kuku wengi hufa mikononi mwa watu kwa hilo, maana yale maji hushukia kwenye mapafu.

Chakula chenyewe: chukua kile cha unga cha kuku wa mayai, kile cha dukani, ukiloweke kwa maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji mzito, ukitie yai la kuchemsha lililopondwa vizuri. Kwa siku hizi za mwanzo vijiko viwili vya chakula kwa mlo mmoja vinatosha, kila saa mbili au tatu, tangu alfajiri hadi magharibi. Akipendezwa, papai lililoiva, lililopondwa. Uji ukikaa saa moja kwenye joto la Lamu umwage, utengeneze mwingine. Wali wa jana ulioanza kuteleza nao usiuthubutu. Mahindi mazima, mtama mzima, majani marefu na mchanga au changarawe viondoke kabisa mpaka nyuzi zitolewe. Mkate pia, kwani hufura na kuchacha humo ndani. Parachichi usimpe leo wala siku yoyote, ni sumu kwa ndege.

Akikataa kula, usimlazimishe kwa kumwagia kinywani. Tundu la pumzi la kuku liko pale pale nyuma ya ulimi, wazi, na kila unachomimina kinaweza kuingia humo. Tia tone moja la uji ubavuni mwa mdomo, kwenye ncha, ungoje amemeze, kisha jingine. Mara nyingi hiyo humwamsha. Au gonga sahani kwa ukucha mbele yake, jinsi mama kuku anavyowaonyesha vifaranga. Wengi huanza kudonoa kwa kusikia tu huo mlio. Kulisha kwa mrija wa mpira hadi ndani ya gole si kazi ya kujaribia nyumbani, hasa gole lenye mshono.

Maji yawe ya kunywa, yale mnayokunywa wenyewe. Visima vingine vya mjini vina chumvi, na kuku hastahimili chumvi kama mbuzi. Mavi yatakuwa maji matupu nawe utadhani ni ugonjwa. Tumia bakuli zito na fupi lisilopinduka, asije akalowa kifua.

Tuje kwenye malazi. Tenga ni la kubebea kuku kwenda sokoni. Ndani yake hawezi kusimama wima wala kugeuka bila kujikwaruza, na miti yake itamvuta nyuzi za mshono. Tafuta kreti kubwa ya plastiki au boksi pana analoweza kusimama, kunyoosha bawa moja na kugeuka, lakini si pana hata aruke. Asiwe na kijiti cha kupanda, maana kila akiruka chini kifua kinapata kishindo. Chini weka magazeti, na juu yake leso (kanga) kuukuu iliyokunjwa, kwa kuwa gazeti tupu linateleza na miguu ya kuku dhaifu huachana. Angalia leso isiwe na pindo linalofumuka. Huyu amekwisha kufanyiwa operesheni kwa ajili ya uzi, usimpe mwingine. Takataka za mbao usitumie mpaka kidonda kifunge, zinanata. Magazeti yabadilishwe asubuhi na jioni, kwa sababu hewa ya mkojo wa kuku hukaba mapafu yake kabla haijakukera wewe puani.

Chumba cha ndani kabisa cha nyumba zenu za mawe kina giza na hewa nzito. Kama nyumba yako ina kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, basi msana, ile baraza inayoelekea kiwanda, ndio mahali pake: kivuli, mwanga wa kiasi, hewa inapita. Asipigwe na jua, wala feni isimlenge.

Taa ya usiku izime. Najua nia yako, na usiku ule wa kwanza baada ya nusukaputi joto ni jambo la maana kweli, kwa sababu ndege hutoka kwenye operesheni akiwa amepoa. Mwili wake wa kawaida ni nyuzi 41 hivi, juu kuliko wetu. Lakini siku ya tatu, Lamu, anachohitaji ni kulala. Taa usiku kucha pia humdanganya mwili kwamba siku ni ndefu. Saa 14 hadi 16 za mwanga ndizo zinazomchochea kuku kutaga, na kila ganda la yai humtoa karibu gramu mbili za kalisi. Nguvu hiyo sasa iende kwenye kidonda. Mpe giza tangu magharibi hadi alfajiri, naye akiacha kutaga kwa wiki kadhaa ushukuru. Shika miguu yake usiku: ikiwa baridi kabisa, weka chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa kwenye pembe moja ya boksi, aisogelee au aikimbie atakavyo. Na wakati wa kaskazi, hofu yako iwe joto. Kuku hatoki jasho. Ukimwona ameachama mdomo na kuyatenga mabawa na mwili, anaungua. Msogeze penye hewa, umpe maji ya baridi kiasi na kumlowesha miguu.

Nzi ndio adui ambaye watu wa mji wenu wanamdharau. Mji wa punda ni mji wa mavi ya punda, na mavi ya punda ni kiota cha nzi. Nzi akitaga leo kwenye kidonda au kwenye manyoya yaliyochafuka nyuma, kesho kuna funza, na funza humla kuku mzima mzima. Funika boksi kwa kipande cha chandarua, mchana na usiku, kilichobanwa pembeni. Mwangalie chini ya mkia kila siku, umsafishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, umkaushe. Chandarua hakimzuii paka, na paka wa Lamu hawahitaji kuelezwa. Usiku mlango ufungwe. Sisimizi wakiwa wengi, inua boksi juu ya meza na miguu ya meza uitie kwenye makopo ya maji.

Kuhusu mumeo: ana haki. Mavi ya kuku ni najisi, na mahali pa kuswalia hapawezi kuwa mahali pa kuku. Zaidi ya hayo, kuku hata mzima anaweza kubeba vijidudu vya salmonela tumboni bila kuugua, ikamwangusha mtoto au mzee. Asikaribie jikoni. Vyombo vyake viwe vyake, visioshwe kwenye beseni la vyombo vya nyumbani. Osha mikono kwa sabuni kila umshikapo, na watoto wasimbusu. Mkiafikiana kuwa anakaa msanani kwa muda unaojulikana, upande mmoja, na magazeti yake yanatoka nje kila asubuhi, nadhani atakubali. Mwambie ni kama wiki mbili, si maisha.

Mshono wenyewe hautaki mengi. Mtazame mara mbili kwa siku, na ukiona umechafuka, chemsha maji, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kwa lita, yakipoa yawe vuguvugu pangusa kwa pamba ukitoka kwenye mshono kwenda nje. Basi. Spiriti, dettol isiyochanganywa, majivu, manjano na mafuta ya taa vyote viache rafuni. Mafuta mazito yoyote hulowesha manyoya, nayo manyoya yaliyolowa mafuta hayamhifadhi joto. Krimu za ganzi za dukani nazo usimpake. Ukigusa uvimbe mgumu chini ya ngozi, usingoje usaha utoke. Usaha wa ndege hautiririki, hukaa mkavu kama donge la jibini, na hauishi wenyewe. Huo ni wa daktari kuutoa. Chakula au maji yakichungulia kwenye mshono baada ya kula, hiyo ni dharura ya saa ile ile, hata kama ni usiku.

Usimfunge bandeji kifuani. Kuku hana kiwambo cha pumzi kama chetu. Hupumua kwa kupanua kifua chote, na ukikibana anakosa hewa huku unamtazama. Hivyo hivyo ukimbeba: mshike mabawa kwa upole na umtegemeze kwa chini, usimkumbatie kifua. Akianza kuzidonoa nyuzi, mwambie daktari, asikushawishi mtu kumfunga mdomo. Manyoya yaliyong'olewa kwa ajili ya operesheni yataanza kuota tena baada ya wiki chache. Yaliyokatwa kwa mkasi yatabaki vibutu mpaka atakapopukutisha. Yale machanga yana damu ndani, yanauma, usiyaguse.

Kama kuna mizani ya jikoni, mpime kila asubuhi baada ya kupapasa gole, uandike. Macho hudanganywa na manyoya, mizani haidanganyiki. Kuku wa kilo mbili akipoteza gramu 200 tangu siku ya operesheni, usisubiri siku ya ahadi. Na mavi yakirudi kuwa ya kahawia yenye kofia nyeupe, furahi. Katikati utaona rundo moja moja la kahawia, laini, linalonata na kunuka vibaya. Hilo ni la utumbo wake kipofu, ni la kawaida, na ni dalili kwamba chakula kinafika mwisho wa safari. Nakuandikia hili kwa kuwa mara nyingi hupigiwa simu kwa lile rundo kuliko kwa hatari yenyewe.

Lamu mna hospitali ya punda pale mbele ya bahari, lakini wa kuku ni daktari yule yule aliyempasua, au ofisi ya mifugo ya kaunti. Nyuzi za ngozi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kabla ya hapo asioge mchanga, hata akililia. Nyuzi zikitoka, ngoja ngozi iwe kavu na imefunga kote, umrudishie chakula cha kawaida kwa siku kadhaa, pamoja na changarawe ndogo ya firigisi, huku ukiendelea kupapasa gole alfajiri. Likiwa tupu kila siku kwa chakula kigumu, yuko tayari.

Lakini usimtupe tu uani. Kuku wana daraja zao, na aliyekaa mbali wiki mbili amepoteza yake. Atapigwa, na palipo na wekundu ndipo watakapopadonoa. Kwa kuchi huo si mchezo, maana ni wagomvi kwa asili. Tangu sasa, kama una kuku mmoja mpole, mlete mchana akae kwenye boksi lake kando ya huyu, waonane bila kugusana. Hata hamu ya kula hurudi akiwaona wenziwe wakidonoa. Akishapona, mweke kwenye banda nyuma ya wavu wa waya siku chache, kisha mwingize kati yao jioni, giza linapoanza, wakiwa wamekwisha kupanda kulala. Asubuhi ya kwanza uwepo, na vyakula viwe viwili mahali pawili.

Chanjo ya kideri (mdondo) kama imempita, usimchanje akiwa dhaifu. Ngoja apone na arudi uzito wake, halafu mchanje pamoja na wote. Kabla hajatoka, pita uani uokote makumbi, vipande vya nyavu, mishipi, kamba za nailoni na mifuko. Aliyewahi kumeza uzi atameza tena, hajui kuwa ndio uliompeleka kwa daktari. Na mayai yake, akitaga wakati wa dawa au karibuni baada yake, yasiliwe na mtu wala asipewe paka. Muulize daktari tarehe ya kuanza kuyala kulingana na dawa aliyompa, uiandike pale pale unapoandika uzito.